Depistaje ya kansa ya utumbo mkubwa hapa Bukavu: namna ya kuunganisha lopitali, zoni ya sante, kanisa na mituweli

Hii naiandikia wale wako ndani ya kazi: ma-IT (manesi wakubwa) wa santre, watu wa biro sentrali ya zoni ya sante, masista na wachungaji wenye lopitali, wakubwa wa mituweli (vikundi vya kuchangiana pesa ya matibabu), reko (wahudumu wa afya wa mtaani), na hata mwenye famasi pale Nyawera. Mumesikia kuhusu depistaje ya kansa ya utumbo mkubwa, ni kusema kuitafuta kwa watu kabla hawajaona dalili, munataka kufanya kitu hapa kwetu, na wazo linalokuja kwanza kwa kila mutu ni lile lile, tutafute vipimo vya choo, tuite redio, tuweke banderoli pale Place de l'Indépendance, tugawe. Mimi nasema anzieni mwisho. Anzieni na mutu ambaye kipimo chake kimetoka positifu, mujue atalala wapi, nani atamuingizia kamera ya kuangalia ndani ya utumbo (kolonoskopi), nani atamupasua kama kuna cha kupasua, nani atalipa, kisha murudi nyuma pole pole mpaka mufike kwa banderoli. Banderoli njo ya mwisho kabisa, na hata isipokuwepo kazi itaendelea.

Juu ya ugonjwa wenyewe kwa kifupi, ili wote wakae ukurasa mumoja wanapoongea na watu. Kansa hii mara nyingi inaanzaga na polipi, kinyama kidogo kinaota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mkubwa, hakiumi, hakikatazi mutu kula, na kutoka polipi mpaka kansa mara nyingi inapita miaka kama 10. Muda wote huo kinaweza kuonekana na kutolewa, na kikitolewa kansa ile haiji. Polipi inatoaga damu kidogo ambayo jicho haliioni lakini kipimo cha choo kinaiona, ni hapo tu ujanja wote uko. Mwaka 2022 duniani watu karibu 1,900,000 waligundulika na kansa hii na zaidi ya 900,000 ikawaua, iko ya tatu kwa wingi na ya pili kwa kuua. Na kupima kunasaidia kweli, siyo maneno ya semina: Minnesota kule Marekani walifuata watu miaka 13, wakatoa matokeo 1993, wale waliopima choo kila mwaka vifo vya kansa hii vilipungua kwa theluthi moja. Ila huko kila mwenye positifu alipangiwa kolonoskopi. Kipimo peke yake hakijawahi kuponya mutu.

Zunguka na kaye kwanza

Chagueni mutu mumoja azunguke lopitali zote, Panzi ya kanisa la CEPAC, Lopitali ya Provinsi inayofanya kazi na chuo kikuu cha UCB, na zile kliniki za binafsi. Asipige simu, aende mwenyewe, juu ya kwa simu kila mutu anasema "mashine iko". Iko, lakini inafanya kazi leo ao iko kwenye kabati inangoja piyese toka Nairobi? Docta anayeijua anakuja siku gani? Mutu wa anestezi yuko? Wana kile kitanzi cha waya cha kukatia polipi, ao wanaangalia tu halafu wanamuambia mugonjwa arudi siku ingine? Kati ya mugonjwa mumoja na mwingine kamera inasafishwa na dawa gani, kwa muda gani? Kipande kikikatwa kinaenda anapat (labo ya kuchunguza vipande vya mwili) wapi, na majibu yanarudi baada ya wiki ngapi? Andika yote, na uandike bei wanayomulipisha mutu wa kawaida, siyo ile wanayokupatia wewe kwa heshima.

Kisha fanya hesabu. Tuseme lopitali zenu zote pamoja zinakubali kuwapokea watu wenu wawili kwa wiki, juu ya wako na wagonjwa wao wengine. Kwa mwaka ni kama watu 100. Sasa muweke kwamba kati ya watu 100 wanaopima choo, 10 watatoka positifu (inategemea kipimo na mahali, na huku kwetu kuna vitu vingine vinavyotoa damu, ntarudi hapo). Basi munaweza kugawa vipimo 1,000 kwa mwaka, hapana 5,000. Mfadhili akija na makarto ya vipimo 5,000 mwambieni asante, alete 1,000 na hizo pesa zingine aziweke kwenye kolonoskopi. Najua hii inauma, mfadhili anapenda kuhesabu vipimo, juu ya vipimo vinahesabika vizuri kwenye rapore. Lakini mutu ukimwambia choo chako kina damu halafu hauna pa kumupeleka, umemupatia usingizi mubaya tu, na mtaa mzima utasikia.

Kwa sababu hiyo hiyo napenda mfano wa Delaware, jimbo dogo la Marekani. Kule mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya jimbo, lopitali na vyama vya kansa walikaa pamoja, na hawakulipia kupima tu, mutu asiye na bima akikutwa na kansa walimulipia pia matibabu. Waliweka na manesi wa kumufuata mutu mmoja mmoja. Watu weusi waliopimwa walikuwa 48% hivi, 2009 wakafika 74% sawa na wazungu. New York nao idara ya afya ya mji na lopitali waliungana 2003, wakati watu waliofanya kolonoskopi walikuwa 42%, miaka kumi baadaye walikuwa wanakaribia 70%. Sisi hatuna pesa ya Delaware, ni kweli, lakini ile ya kuahidi mwisho kabla ya kuita watu haihitaji pesa nyingi, inahitaji watu wasidanganyane.

Nani anakaa mezani na analeta nini

Kosa la vikundi vingi ni kuita kila mutu mwenye logo. Mwiteni yule mwenye kitu ambacho wengine hawana, tena aseme kwa mdomo wake analeta nini.

Zoni ya sante (kwetu Ibanda, Kadutu, Bagira-Kasha) inaleta santre, ma-IT na reko, na inaleta ruhusa. Pitieni kwa médecin chef de zone mapema, na Divizyo ya afya ya provinsi iwe na kopi, la sivyo siku moja mutu atakuja kuuliza nani aliwaruhusu kukusanya choo cha watu. Makanisa yanaleta vitu viwili, lopitali zao (ofisi ya afya ya BDOM kwa wakatoliki, CEPAC, CBCA na wengine) na kuaminiwa. Mituweli inaleta kitu ambacho nakiona cha dhahabu na watu hawakioni: orodha. Iko na majina, miaka ya kuzaliwa, simu, na mtaa. Hauhitaji kutafuta watu wa miaka 50 na megafoni, wako kwenye daftari tayari. Na mituweli njo inajua kugawana gharama, mukae nayo muone kama kolonoskopi ya mwenye positifu inaweza kuingia kwenye yale inayolipia, hata nusu tu.

Famasi wasisahaulike. Ufaransa leo mutu anaweza kuchukua kipimo hiki kwa famasi. Kwetu famasi iko na kazi ingine kubwa zaidi, juu ya mutu akiona damu kwenye choo mahali pa kwanza anapokwenda siyo kwa docta, anakwenda kununua Flagyl. Akirudi mwezi wa pili ananunua tena, ao anaomba dawa ya bawasiri. Yule muuzaji anamufahamu sura. Mupeni karatasi ndogo zenye muhuri wa zoni: mutu wa zaidi ya miaka 40 anayerudi mara ya pili kwa damu, umupe karatasi, aende santre, hatalipa kuingia. Ni kitu kidogo, na kwangu naona kitaokoa watu haraka kuliko vipimo vyote.

Halafu kuna wale wanaotibu karuho, sumu ambayo watu wanasema mutu amewekewa. Hapa Bukavu mutu akikonda, tumbo likavimba, akatoa damu, familia inasema amewekewa karuho, na anaweza kukaa miezi anakunywa mizizi na kutapishwa huku kansa inakua. Munaweza kuwatukana hao waganga kwenye redio, haitabadilisha kitu, watu wataendelea kwenda usiku. Ni afadhali kumukaribisha mumoja ao wawili wenye jina, mukubaliane neno moja tu: mutu mwenye damu kwenye choo apite kwanza lopitali apimwe, akitaka arudi kwako arudi. Wengine watakubali juu ya hawapendi mutu afie kwao.

Mukikubaliana andikeni ukurasa mumoja. Siyo protokole ya kurasa 30. Muandike kazi na cheo, musiandike jina la mutu, juu ya huku watu wanahamishwa kila siku na IT akihamishwa kwenda Walungu mradi unahama naye. Na maneno ya perdiem muyamalize siku ya kwanza kabisa, nani anapewa nini kwa kazi gani, juu ya nimeona mikutano mizuri inakufa kwa ajili ya transpo ambayo haikuongelewa.

Kipimo gani, na joto lake

Chukueni kile cha FIT, kinachotafuta damu ya binadamu. Kile cha zamani cha gayaki kinasumbua, kinaweza kudanganywa na nyama nyekundu na vyakula vingine, na kinataka choo cha siku tatu. FIT haikatazi kula kitu, na mara nyingi choo cha siku moja kinatosha, kila mwaka. Ufaransa wanapima kila miaka 2 kwa watu wa miaka 50 mpaka 74, Marekani tangu 2021 wanaanza 45 mpaka 75. Kwetu mimi ningeanza 45, juu ya huku Afrika wagonjwa wengi wa kansa hii wanakuja wangali vijana, lakini kama nafasi za kamera ni chache anzeni 50 mushuke pole pole. Mutu asiyejua mwaka wake angalieni karte ya uchaguzi, na kama karte yenyewe inadanganya, muulizeni mutoto wake wa kwanza ana miaka ngapi.

Kuna FIT ya kaseti ambayo inasomwa hapo hapo santre baada ya dakika chache, IT anayesoma TDR (kipimo cha haraka) ya malaria ataisoma bila shida. Na kuna ile ya chupa inayokwenda labo kwa mashine na inatoa namba. Ya chupa ni nzuri zaidi kama muna labo moja yenye mashine na umeme wa kuaminika, juu ya munaweza kuchagua namba ya kukata (kiasi cha damu ambacho toka hapo munasema positifu), mukiona kamera zimezidiwa munapandisha namba. Kwa wengi wenu itakuwa kaseti. Yoyote mutakayochukua, ogopeni joto na muda: damu iliyo kwenye choo inaharibika, na ikiharibika kipimo kinasema hakuna wakati iko. Wafaransa wanaambia mutu apeleke posta ndani ya saa 24. Kwa hiyo musikusanye Ijumaa jioni chupa ikalala dirishani kwenye jua mpaka Jumatatu. Kukusanya ni Jumatatu mpaka Alhamisi asubuhi, basi.

Wapi kugawa

San Francisco walikuwa na akili moja nzuri: siku mutu anakuja kuchanjwa mafua wanamupatia na kipimo cha choo hapo hapo. Wale waliofanyiwa hivyo, waliopimwa walipanda kutoka 54% hivi mpaka 84%, wakati wenzao waliochanjwa tu walibakia kwenye 57%. Musikopi chanjo, kwetu chanjo inaleta watoto na mama zao. Kopieni wazo. Swali ni: watu wa miaka 50 wa Bukavu wako wapi tayari wamekaa kwenye foleni? Wako siku ya tansio na sukari kwenye santre, kila mwezi, wamekaa kwenye benchi saa mbili wanangoja. Wako wanapochukua pansio. Wako kwenye koral na kwenye shirika za parokia. Pale pale nesi aliyemupima tansio njo amupatie kipimo, akitoka kwake, siyo mutu mugeni wa mradi mwenye jile mpya. Mutu anachukua kitu kwa mutu anayemujua.

Na muangalie kalenda. Nje watu wanafanya kampeni ya kansa hii mwezi wa tatu, wanavaa bluu. Kwetu mwezi wa tatu ni wa 8 mars, siku ya wanawake, mapagne yamekwisha kununuliwa, hakuna atakayewasikia, tena nusu ya watu munaotafuta ni wababa. Chagueni mwezi mwingine.

Wako wawili ambao hamuwapi kipimo. Wa kwanza ni yule ambaye tayari anaona damu, ao choo kimebadilika wiki nyingi, kimekuwa chembamba, amekonda, ao amepungukiwa damu bila sababu. Huyo haiko depistaje tena, huyo ni mugonjwa, apelekwe kwa docta moja kwa moja, na docta avae ganti apime na kidole, juu ya kansa nyingi za huko chini kabisa kidole kinazifikia na ganti haina bei. FIT ikitoka negatifu kwa mutu wa namna hii itamudanganya arudi nyumbani. Wa pili ni mwenye mzazi ao ndugu wa tumbo moja aliyeugua kansa hii: huyo aanzie miaka 40, ao miaka 10 kabla ya umri ndugu yake aliougua, kile kinachokuja mbele, na yeye ni kamera moja kwa moja.

Ule muda wa choo

Hapa njo kazi inaanguka mara nyingi, kipimo kinabakia kwenye kabati la nyumba. Maelezo yaliyo kwenye karto yamechorwa kwa ajili ya mutu mwenye choo cha kukaa, cheupe, chake peke yake. Mama wa Kadutu anachangia tundu moja na nyumba tano, kuna mutoto anagonga mlango, giza, na maji yako kwenye bidoni. Mufundishe na choo chake, siyo choo cha picha.

Ni hivi: akojoe kwanza, ili mkojo usichanganyike. Achukue jani la ndizi kavu, ao karatasi ya gazeti, alitandike pembeni ya tundu, choo kianguke juu yake kisiguse maji wala sakafu. Afungue kile kijiti, achome choo sehemu nne tano tofauti, juu juu, inatosha kile kinachoshika kwenye mikunjo ya kijiti. Wengi wanafikiri wakijaza watapimwa vizuri, hapana, kijiti kikijaa sana kipimo kinaharibika. Arudishe kijiti ndani ya chupa, afunge mpaka isikie tak, anawe mikono kwa sabuni. Jina na tarehe ziandikwe kwenye chupa kabla ya kwenda chooni, na IT aandike jina yeye mwenyewe siku ya kugawa, juu ya chupa bila jina ni kazi bure. Chupa iwekwe kwenye bahasha ya kaki, isionekane. Mama mwenye siku zake angoje ziishe, na mwenye bawasiri inayotoka damu leo angoje itulie.

Aibu haitaisha kwa banderoli. Reko aseme neno lenyewe, choo, bila kucheka na bila kuzungusha, watu watacheka mara ya kwanza halafu wanazoea. Kwa wababa nimeona inasaidia kumuambia kwamba kipimo hiki hakuna mutu anamugusa, anafanya peke yake. Wengi wanafikiri ni kidole na wanakimbia.

Mutu mumoja, simu moja, kaye moja

Kama mutachukua kitu kimoja tu kwenye maandishi haya, chukueni hiki: awepo mutu mumoja anayelipwa, nesi ao reko muzuri, kazi yake ni kufuata tu. Marekani wanaita wasindikizaji wa wagonjwa, New York waliwaweka kwenye lopitali zao. Anapewa simu ya kazi, unite, pesa kidogo ya motari, na kaye moja kubwa ambayo ni ya wote, siyo kaye ya Panzi na kaye ya BDOM na kaye ya zoni, kila moja na majina yake. Exceli mutaweka baadaye, umeme ukiwa. Mistari ya kaye: jina, umri, mtaa na alama ya nyumba (nyuma ya kanisa gani, karibu na borne fontaine gani), simu yake na simu ya mutu mwingine wa nyumba, tarehe ya kupewa, ya kurudisha, jibu, tarehe ya kumuambia, tarehe ya kamera, kilichoonekana. Kaye ifungwe kwa kifungulo, ni siri za watu hizo.

Asiyerudisha anapigiwa baada ya wiki moja, kisha wiki ya tatu reko anapita nyumbani. Zaidi ya hapo mumuache, hakulazimishwa.

Positifu haisemwi kwa SMS. Haisemwi mbele ya foleni pia. Musindikizaji anapiga, anasema kuna jibu, njoo na mutu unayemuamini, na akifika anaambiwa maneno matatu kwa utaratibu: kipimo kimeona damu, wengi wenye jibu kama lako hawana kansa, na sasa tunaangalia ndani ili tujue, tarehe yako ni hii. Tarehe iwe tayari imeandikwa kabla hajaingia.

Hapo njo kutakuja ule mtego wetu. Mutu, ao hata docta, atasema ngoja tutibu ameba kwanza, halafu turudilie FIT. Kweli huku kuna ameba, kuna minyoo, kuna bilharzia kwa waliotoka pande fulani, na zinaweza kutoa damu. Pimeni choo mutibu, sawa. Lakini FIT ya pili ikitoka negatifu haifuti ile ya kwanza, polipi haitoagi damu kila siku. Positifu moja ni kamera. Hii muiandike kwenye ule ukurasa wenu mumoja na madocta wote watie sinyatire. Juu ya muda: utafiti mkubwa wa California uliotoka 2017 ulionyesha kwamba ukipita miezi 10 toka positifu mpaka kamera, kansa zinazokutwa zinaongezeka na zimefika mbali. Jiwekeeni miezi 3, na mutu akifika wa 6 bila kamera iwe ni kelele kwenye mkutano.

Usiku wa kunywa dawa

Kabla ya kamera utumbo lazima uwe safi kama maji, la sivyo docta anaona choo tu na kila mutu amepoteza siku na pesa. Siku ya kabla mutu hali sombe, hali maharagwe, hali lengalenga wala mbegu yoyote, anakunywa chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji, hakuna kitu chekundu. Dawa ya kusafisha inakunywa litre kadhaa, nusu jioni, nusu alfajiri, masaa 4 ao 5 kabla ya kamera. Sasa fikirieni mutu huyo anaharisha usiku kucha kwenye ile parseli ya nyumba tano, bila maji toka juzi, mvua, njia inateleza. Ama ataacha dawa katikati, ama atakuja na utumbo muchafu.

Kwa hiyo hapa makanisa yanalipa deni lao. Parokia ao misyo yenye vyumba vya wageni itoe vyumba viwili kwa wiki usiku wa kabla ya kamera, na choo kinachofanya kazi, na mapipa yaliyojazwa. Anayetoka Bagira ao mbali zaidi analala hapo na mutu wake, alfajiri motari anayejulikana anamupeleka lopitali, na kurudi asirudi peke yake juu ya dawa ya usingizi inamlevya. Mwenye sukari na mwenye dawa za kupunguza damu apite kwa docta wiki moja kabla, vidonge vyake vipangwe. Hii yote haina gharama kubwa, na ni hapa utaona mashirika yanashirikiana kweli, kwenye funguo za chumba na bidoni za maji.

Wakikuta kansa, lopitali inayopasua ijulikane tayari, na njia ya wale watakaohitaji zaidi ya upasuaji ijulikane pia. Wengi wetu tunavukaga Ruzizi kwenda Rwanda. Basi mutu apewe karatasi zake zote, anapat, picha, rapore ya kamera, ziwe kopi mbili, asifike huko akaanza kupimwa upya kwa pesa yake.

Mkutano wa mwezi

Saa moja, mara moja kwa mwezi, kila mara mahali tofauti ili hakuna anayejiona mwenye nyumba. Muangalie namba nne tu: vimegawiwa ngapi, vimerudi ngapi, positifu ngapi, na positifu wangapi wamekwisha kuona kamera. Ile ya nne njo musome kwa sauti kwanza. Ikiteremka musigawe vipimo mwezi unaofuata mpaka wote wapite, hata kama karto zitaisha muda kwenye depo. Mashine ikiharibika, ao mji ukichafuka na njia zikafungwa, ni hivyo hivyo, simamisheni kugawa, mupigie waliokuwa kwenye kaye muwaambie ukweli.

Na musishushwe moyo na namba ndogo. Marekani walianza meza yao ya taifa ya kukutanisha mashirika juu ya kansa hii 1997, chama cha kansa na serikali pamoja, 2014 wakatangaza wanataka 80% ya watu wawe wamepimwa ifikapo 2018, mashirika zaidi ya 1,500 yakatia sinyatire, na mwaka wenyewe ulipofika walikuwa kwenye 69% hivi. Hawakufunga duka, waliendelea.

Wenye negatifu nao wako kwenye kaye. Watu wengi wanawasahau juu ya hawana shida, lakini FIT ni ya kila mwaka. Ongezeni mstari mumoja wa mwisho, mwezi wa kurudilia, na muufanye uwe mwezi ule ule wa kitu anachokikumbuka, siku yake ya tansio ao mwezi wa kulipa mchango wa mituweli, ili anapokuja kulipa mutu wa mituweli aangalie daftari yake, achukue kipimo chini ya meza, na amupatie pamoja na risiti.